Njia tano za kuzuia deliriamu baada ya upasuaji wa moyo: ipi inamfaa nani?

Vali mpya inafanya kazi, mirija ya kifua haitoi tena damu nyingi, presha imetulia. Halafu usiku wa pili mgonjwa anaanza kuvuta nyaya, anamwita nesi kwa jina la marehemu dada yake, anataka kushuka kitandani akafunge ng'ombe. Hiyo ni deliriamu: akili inavurugika ghafla, umakini unapotea, na hali inapanda na kushuka ndani ya siku moja. Si wazimu, si pepo, wala si dalili kwamba upasuaji umeshindikana. Lakini si jambo la kupuuza hata kidogo. Aliyepata deliriamu hukaa hospitali muda mrefu zaidi, hatari yake ya kufariki huwa kubwa zaidi, na wengine hurudi nyumbani na kumbukumbu iliyodhoofika kwa miezi.

Katika majaribio nitakayoyataja hapa chini, waliopata tatizo hili baada ya kupasuliwa moyo walikuwa kati ya asilimia 8 na zaidi ya asilimia 30. Tofauti hiyo inatokana na umri wa wagonjwa, aina ya upasuaji, na bidii ya waliokuwa wakiwapima.

Naandika kwa wauguzi na madaktari wanaoandaa utaratibu wa ICU yao (chumba cha wagonjwa mahututi) na kujiuliza wawekeze nguvu wapi. Naandika pia kwa familia ambazo zimeambiwa mzazi wao atapasuliwa na zinataka kujua la kuuliza. Dawa nilizozitaja ni za kutolewa hospitali na timu ya upasuaji; hakuna hata moja ya kumpa mgonjwa kwa siri chini ya mto.

Vigezo vya kulinganisha

Kila njia nimeipima kwa maswali manne yale yale. Ushahidi: je, imejaribiwa kwa waliopasuliwa moyo hasa, au imeazimwa kutoka wodi nyingine? Na ililinganishwa na nini? Madhara: moyo uliotoka kushonwa unavumilia kiasi gani? Mahitaji: pesa, vifaa, watu na muda. Mwisho, inamfaa nani.

Kuna tahadhari moja juu ya ushahidi wote. Mengi ya majaribio haya yalifanyika Marekani, Kanada, Ulaya na Australia, kwa wagonjwa wengi wenye miaka 60 na zaidi, na wengi wao walikuwa wanatengenezewa mishipa ya moyo iliyoziba. Kwetu hali ni tofauti. Katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Tenwek kule Bomet, au Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Kampala, utakuta vijana wanaobadilishiwa vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, baadhi wakiwa hawajafika miaka 30. Ujana unalinda ubongo kwa kiasi. Haulindi mtu aliyekaa muda mrefu kwenye mashine ya moyo na mapafu, aliyeongezewa damu nyingi, mwenye figo zilizochoka, au aliyewahi kupata kiharusi kutokana na damu iliyoganda kwenye vali. Kwa hiyo takwimu hizi zitumike kama mwongozo, zisichukuliwe kuwa ahadi.

Kabla ya kuchagua: mnapima?

Hakuna njia ya kuzuia itakayoonekana kufanya kazi katika wodi isiyopima. Mgonjwa anayepiga kelele kila mtu anamwona. Anayepotea machoni petu ni yule wa deliriamu tulivu: amelala, macho nusu wazi, hasumbui mtu, na kwenye chati ameandikiwa "ametulia". Baada ya upasuaji wa moyo, wagonjwa wa namna hii ni wengi, hasa wazee.

Kipimo kinachotumika sana ni CAM-ICU, kilichoandaliwa na Wesley Ely na wenzake na kuchapishwa mwaka 2001. Hakihitaji mashine. Kwanza unahakikisha mgonjwa anaamka ukimwita, kisha unauliza kama hali yake imebadilika ghafla au inapanda na kushuka. Halafu unamshika mkono na kumwambia: "Nitakusomea herufi. Kila ukisikia A, minya mkono wangu." Unasoma kumi, taratibu. Akikosea zaidi ya mara mbili, umakini umeyumba. Kwa asiyesoma, kuna toleo la picha. Unaangalia pia kiwango cha kuamka kwake, kisha unamaliza na maswali ya fikra: je, jiwe huelea juu ya maji? Baharini kuna samaki? Kilo moja ni nzito kuliko kilo mbili? Nyundo inaweza kupigilia msumari? Ukizoea, kazi yote ni dakika mbili hivi. Mwongozo wa kimataifa wa kuharakisha nafuu baada ya upasuaji wa moyo, uliotoka mwaka 2019, unataka deliriamu ipimwe angalau mara moja kila zamu.

Familia nayo ina kipimo chake, ingawa hakichukui nafasi ya CAM-ICU. Mzee aliyekuwa akiitikia kila shikamoo maisha yake yote, leo mjukuu anamwamkia naye anatazama tu dari. Au anaitikia vizuri asubuhi, jioni anauliza huyu ni nani. Mwambieni nesi pale pale. Msisubiri daktari apite kesho.

1. Huduma bila dawa

Hapa ndipo kwenye kazi kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi. Si jambo moja bali mambo mengi madogo yanayokwenda pamoja: kutuliza maumivu vizuri, kumwamsha mgonjwa na kumjaribu apumue mwenyewe kila siku ili mpira wa kupumulia utoke mapema, kupunguza dawa za kulaza, kumkalisha na kumtembeza, kulinda usingizi wa usiku, kumrudishia miwani, meno ya bandia na kifaa cha masikio, kumwambia kila mara yuko wapi na leo ni siku gani, kuondoa mpira wa mkojo mara usipohitajika, na kuiingiza familia.

*Ushahidi.* Msingi wake ni kazi ya Sharon Inouye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iliyochapishwa mwaka 1999: wazee 852 wa miaka 70 na zaidi, deliriamu asilimia 9.9 kwa waliopata huduma hizo dhidi ya asilimia 15 kwa waliopata huduma za kawaida. Hao walikuwa wagonjwa wa wodi za kawaida, hawakuwa wamepasuliwa moyo. Kwa ICU kuna ufuatiliaji mkubwa uliotoka mwaka 2019, wagonjwa zaidi ya 15,000 katika ICU 68 za Marekani: kadiri sehemu nyingi za mpango wa huduma za namna hii zilivyotekelezwa kwa mgonjwa siku hiyo, ndivyo deliriamu, muda kwenye mashine na vifo vilivyopungua siku iliyofuata. Ule ulikuwa ufuatiliaji tu, haukuwa jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Huenda aliyetembezwa ndiye aliyekuwa na nafuu tangu mwanzo. Na si kila kipande kinabeba uzito peke yake. Jaribio la Brazil la mwaka huo huo, katika ICU 36, lilirefusha saa za ndugu kukaa na mgonjwa. Deliriamu ilikuwa asilimia 18.9 dhidi ya 20.1, tofauti isiyotosha kuthibitisha kitu. Ndugu wenyewe, hata hivyo, walipungukiwa na wasiwasi na huzuni. Mwongozo wa ICU wa mwaka 2018 wa madaktari wa Marekani ulipendekeza njia hii ya mambo mengi kwa pamoja, huku ukikataa kupendekeza dawa yoyote kwa ajili ya kuzuia.

*Madhara.* Ni madogo, ila si sifuri. Kifua kimepasuliwa katikati na kufungwa kwa nyaya za chuma, kwa hiyo mgonjwa hainuliwi kwa kuvutwa mikono wala hajisukumi kwa viganja; anakumbatia mto kifuani, anageukia upande, miguu inashuka kwanza. Mirija ya kifua na nyaya za kuchochea moyo lazima zishikwe na mtu. Presha ikishuka akisimama, anarudishwa kukaa.

*Mahitaji.* Dawa haipo, lakini watu wanahitajika, na hapo ndipo mpango mzuri kwenye karatasi unapokwama. Nesi mwenye wagonjwa watatu hawezi kumtembeza mmoja bila msaidizi. Hata hivyo baadhi ya mambo hayadai mtu wa ziada. Yanadai tubadili mazoea. Chukua kuogesha. Wodi nyingi humwogesha mgonjwa saa kumi alfajiri ili zamu ikabidhi kazi ikiwa imekwisha. Mgonjwa aliyepata usingizi saa nane anaamshwa kwa maji na taa kali, kisha saa kumi na mbili vipimo vya damu, saa moja madaktari wanapita. Huyo hajalala. Kuogesha kukihamishiwa saa tatu asubuhi au jioni mapema, damu ikachukuliwa kwa pamoja, taa zikazimwa saa nne usiku na sauti za kengele za mashine zikarekebishwa zisilie ovyo, mmekwisha kuanza bila kuajiri mtu. Ongeza saa ya ukutani iliyo mbele ya macho yake na kitanda kinachoelekea dirisha.

Jambo jingine linalokwenda na hili ni kumfunga mikono mgonjwa kitandani. Hufanywa kwa nia njema, asing'oe mpira. Lakini kufungwa kunaambatana na deliriamu zaidi na hasira zaidi. Ndugu mmoja mtulivu aliyeshika mkono, au soksi nene juu ya mkono wenye dripu, kwa wengi hutosha.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mgonjwa, na zaidi mzee mwenye macho au masikio dhaifu. Haimtoshi peke yake yule ambaye bado yuko kwenye mashine akipambana nayo.

2. Deksmedetomidini

Ni dawa ya kulaza inayopitia pampu, na sifa yake ni kwamba mgonjwa anasinzia lakini ukimwita anaamka, na haizimi pumzi. Inaweza kuendelea hata baada ya mpira kutolewa.

*Ushahidi.* Hapa majibu yanapingana, na ufunguo ni kuuliza ililinganishwa na nini. Toronto, mwaka 2016, wagonjwa 183 wa miaka 60 na zaidi waliopasuliwa moyo waligawanywa: waliolazwa kwa deksmedetomidini walipata deliriamu asilimia 17.5, waliolazwa kwa propofoli, dawa ya kulaza iliyozoeleka, asilimia 31.5. Matumaini yakapanda. Kisha mwaka 2020 likatoka jaribio kubwa zaidi la upasuaji wa moyo, DECADE, wagonjwa karibu 800, safari hii dhidi ya plasebo, yaani maji yasiyo na dawa. Deliriamu ilikuwa asilimia 17 kwa waliopata dawa na 12 kwa wasiopata. Haikusaidia, na haikupunguza mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kwa upande mwingine, kule China mwaka 2016, wazee 700 waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo walipewa kiasi kidogo sana usiku wa kwanza, na deliriamu ikashuka kutoka asilimia 23 hadi 9.

Ninavyosoma mimi, kumwongezea dawa hii mgonjwa ambaye hahitaji kulazwa ni jambo moja, na kuitumia badala ya propofoli au midazolamu (dawa nyingine ya kulaza) kwa anayehitaji kulazwa ni jambo jingine. La pili lina mashiko zaidi. Mwongozo wa ICU uliohuishwa mwaka 2025 umekwenda upande huo: unapendelea deksmedetomidini kuliko propofoli pale lengo kuu likiwa usingizi mwepesi na kupunguza deliriamu.

*Madhara.* Inashusha presha na kupunguza mapigo. Katika DECADE presha iliyoshuka kwa kiasi cha kusumbua ilionekana zaidi kwa waliopata dawa. Aliyebadilishiwa vali na umeme wa moyo wake umeyumba anahitaji uangalizi mkubwa, na kuanza na dozi kubwa ya mkupuo ni kutafuta shida. Kuna onyo la kuzingatia kwa vijana wetu: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitahadharisha juu ya vifo zaidi kwa wagonjwa wa ICU wa miaka 65 na chini, kutokana na jaribio la wagonjwa karibu 4,000 waliokuwa kwenye mashine. Hatari hiyo ilijitokeza zaidi kwa walioingia ICU kwa sababu zisizo za kupona upasuaji, kwa hiyo haimfungii mlango kijana wa vali. Inataka tu daktari awe na sababu kabla ya kuianza.

*Mahitaji.* Pampu ya sindano inayoaminika, kipimo cha presha cha kila wakati, nesi anayeijua dawa. Bei yake iko juu ya midazolamu.

*Inamfaa nani.* Anayetolewa kwenye mashine akiwa na fujo au hofu, na mzee ambaye mngelazimika kumpa midazolamu.

3. Kurekebisha nusukaputi na dawa za maumivu

Hii familia haiioni, kwa sababu inatendeka ndani ya chumba cha upasuaji. Ndani yake kuna mambo kadhaa na hayalingani.

*Ushahidi.* La kwanza ni kupunguza benzodiazepini, yaani midazolamu na wenzake. Jaribio la B-Free katika hospitali 20 za Amerika Kaskazini lilihusisha wagonjwa karibu 20,000 wa upasuaji wa moyo. Hospitali nzima ilibadilishana sera kila wiki 4, mara kuzitumia kwa kawaida, mara kuzibana. Deliriamu: asilimia 14.0 wakati wa kubana, 14.9 wakati wa kawaida. Tofauti ni ndogo na haikutosha kuwa uthibitisho. Inabaki busara kutozimwaga, hasa ICU ambako hutolewa kwa siku nyingi, lakini asiambiwe mtu kwamba kuacha midazolamu ya chumba cha upasuaji pekee kutamwokoa.

La pili ni kufuatilia mawimbi ya ubongo ili usingizi usizame mno. Majaribio mawili makubwa, la Marekani mwaka 2019 na la Kanada mwaka 2024 kwa wagonjwa 1,140 wa moyo, hayakuona faida. Lile la Kanada lilitoa karibu namba ile ile pande zote mbili, asilimia 18.

La tatu ni ketamini, dawa ya nusukaputi inayotuliza pia maumivu. Jaribio la mwaka 2017 kwa wagonjwa 672 wa miaka 60 na zaidi lilikuta deliriamu ni ile ile, huku ndoto mbaya na maruweruwe yakiongezeka. La nne ni dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe wa mwili, wakati wa upasuaji: methilipredinisoloni kwa zaidi ya wagonjwa 7,500 ilitoa asilimia 8 kwa 8. Hilo limefungwa.

La tano ndilo linaloleta matumaini: parasetamoli ya mshipa. Boston, mwaka 2019, wagonjwa 120 wa miaka 60 na zaidi walipewa gramu 1 kila saa 6 kwa siku mbili baada ya upasuaji wa moyo, au plasebo. Deliriamu asilimia 10 dhidi ya 28. Jaribio ni dogo, na matokeo makubwa ya jaribio dogo huwa yanapungua likirudiwa kwa watu wengi. Hata hivyo maumivu yanayotulizwa bila kumwaga mofini ni faida yenyewe.

*Madhara.* Parasetamoli ni salama kwa wengi isipokuwa ini likiwa na shida. Na moyo wa kulia uliochoka huacha ini limevimba, jambo la kawaida kwa wenye vali mbovu za muda mrefu. Ini lipimwe kwanza.

*Mahitaji.* Parasetamoli na kubana midazolamu vinawezekana karibu kila mahali. Mashine ya mawimbi ya ubongo ni gharama ambayo kwa lengo hili haijajilipa.

*Inamfaa nani.* Parasetamoli ya ratiba, karibu kila mwenye ini zima. Kubana benzodiazepini, wazee hasa. Mnywaji wa pombe wa kila siku ni habari nyingine; nitamrudia.

4. Melatonini

*Ushahidi.* Melatonini ni homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Wazo lenyewe lina mantiki: ICU inavuruga saa ya mwili, basi tuirudishe. Australia walijaribu kwa wagonjwa 210 wa upasuaji wa moyo, miligramu 3 kwa usiku 7, na matokeo yakawa sawa pande zote, kama asilimia 20. Jaribio jingine la Australia la mwaka 2022, wagonjwa 850 wa ICU, nalo halikuona faida. Ukijumlisha majaribio mengi madogo picha inakuwa nzuri kidogo, na mwongozo wa 2025 umeipendekeza kwa wagonjwa wa ICU, ingawa kwa pendekezo lisilo la nguvu.

*Madhara.* Machache. Zimeripotiwa hali za kuingiliana na warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na mwenye vali ya chuma atakunywa warfarini maisha yake yote, kwa hiyo timu lazima ijue.

*Mahitaji.* Kidonge cha bei nafuu. Shida ni kwamba mahali pengi huuzwa kama kirutubisho, na kilichomo hutofautiana na kilichoandikwa kwenye kopo.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa asiyelala usiku licha ya taa kuzimwa na kelele kupungua. Anayetegemea kidonge hiki huku wodi inawaka taa usiku kucha asitarajie kitu.

5. Haloperidoli na dawa za kundi lake

*Ushahidi.* Uholanzi, mwaka 2018: wagonjwa wa ICU 1,789 walipewa haloperidoli, dawa inayotumika kutibu magonjwa ya akili, kwa ajili ya kuzuia, au plasebo. Haikupunguza deliriamu wala vifo. Upande wa upasuaji wa moyo kuna jaribio la Thailand la mwaka 2007, wagonjwa 126, risperidoni (ya kundi hilo hilo) miligramu 1 mara moja tu chini ya ulimi mgonjwa anapozinduka: asilimia 11.1 dhidi ya 31.7. Ni matokeo ya kuvutia yanayohitaji jaribio kubwa kabla ya wodi kuyageuza kuwa utaratibu.

*Madhara.* Zinaweza kuvuruga umeme wa moyo kwa kurefusha kipindi kiitwacho QT. Waliopasuliwa moyo mara nyingi wana potasiamu na magnesiamu zilizoshuka, na wengi wako kwenye amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, inayorefusha kipindi hicho hicho. Kabla ya dozi, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) isomwe na chumvi hizo zirekebishwe. Kuna pia kukakamaa kwa misuli na usingizi mzito.

*Mahitaji.* Ni rahisi na inapatikana, na huo urahisi ndio unaofanya itolewe haraka kuliko inavyostahili.

*Inamfaa nani.* Kwa kuzuia, wachache, na kwa uamuzi wa daktari bingwa. Kwa mgonjwa ambaye tayari anahatarisha maisha yake, anang'oa mirija na hatulizwi kwa maneno, dozi ndogo ya muda mfupi ina nafasi yake. Hayo ni matumizi tofauti na kuzuia.

Uchague vipi, kwa hali yako

*Mzee wa miaka 70 na zaidi, kumbukumbu imeanza kupungua.* Pima akili yake kabla ya upasuaji, hata kwa kumwambia maneno matatu ayakumbuke na kumchorisha saa, ili baadaye mjue kilichobadilika. Njia ya kwanza ifuatwe yote, parasetamoli kwa ratiba, benzodiazepini zibanwe. Miwani na kifaa cha masikio vifike ICU pamoja naye, visibaki nyumbani kwa kuogopa kupotea.

*Kijana wa vali, hana ugonjwa mwingine.* Mtoe mpira wa kupumulia mapema, tuliza maumivu, mtembeze. Deksmedetomidini isubiri hadi kuwe na sababu.

*Mgonjwa bado yuko kwenye mashine, kila mkipunguza dawa anapigana.* Kwanza tafuteni kinachomsumbua: maumivu, kibofu kilichojaa, hewa ya oksijeni kupungua. Kama anahitaji kulazwa, deksmedetomidini ina hoja kuliko midazolamu, ilimradi mapigo na presha vinaruhusu.

*Anayekunywa pombe kila siku.* Familia iseme ukweli kabla ya upasuaji, hata kama mwenyewe ameficha. Kuacha pombe ghafla kunaleta deliriamu ya aina yake pamoja na degedege, na hapo benzodiazepini ndiyo tiba. Kumbana kwa kufuata utaratibu wa wengine ni hatari.

*Wodi yenye manesi wachache na bajeti finyu.* Msianze na yote. CAM-ICU kila zamu, kuhamisha saa ya kuogesha na kuzima taa usiku, na ndugu mmoja aliyefundishwa kukaa mchana. Mkiyashika hayo, ongezeni kutembeza.

*Mgonjwa anayesafiri kwenda India kupasuliwa, kama wengi wetu tunavyofanya.* Kule nesi atamwamsha kwa lugha ambayo huenda haielewi, na kipimo cha deliriamu kitakosea. Msindikizaji aombe kuwepo mpira unapotolewa, abebe karatasi yenye maneno ya kila siku kwa Kiswahili na Kiingereza (maumivu, kiu, mkojo, uko hospitali, upasuaji umekwisha), na ahakikishe timu inajua mgonjwa anaongea lugha gani kabla hajaandikiwa kwamba haelewi.

*Deliriamu imekwishaingia.* Sasa ni kutafuta chanzo kwa haraka: oksijeni, sukari, sodiamu, figo, maambukizi, dawa mpya, kukosa choo. Ukiona mkono au mguu upande mmoja umelegea, uso umepinda au maneno yanavutika, hiyo haihesabiwi kuwa deliriamu mpaka kiharusi kiondolewe kwenye orodha. Daktari aitwe dakika hiyo hiyo.

*Amerudi nyumbani na bado akili haijakaa sawa.* Wengi huendelea kupata nafuu wiki kwa wiki. Mtu mwingine amsimamie dawa, hasa warfarini, kwa sababu dozi iliyosahaulika au kurudiwa mara mbili ni hatari kwa mwenye vali. Kliniki ya kwanza aende na anayeishi naye, aeleze kwa mifano anachosahau na tangu lini.